Nieleze Alama Zake

Mwalimu wetu wa mtaa wa Kuze, Mombasa, hakuwahi kuchukua cha mtu, na mimi ndiye niliyeumizwa na uaminifu huo. Nalitanguliza hili ili anayesoma asidhani nimekuja kumwaga sifa. Wa kumsifu wapo tele, na wengi wao hawakupata kukaa naye ukuta kwa ukuta kama nilivyokaa mimi. Mume wangu alisafiri kwenda Kismayu kununua samli na hakurudi. Kabla mwaka haujaisha, Mwalimu aliokota pwani kibweta, kijisanduku cha mti cha kutilia tambuu na vikorokoro, na mimi niliamini kwa moyo wote kwamba ni cha mume wangu. Kibweta hicho kikawekwa katika chumba chake cha juu, nyuma ya ukuta niliolalia, na kwa miaka yote iliyofuata hakukubali nikitie machoni.

Kama kingethibitika ni cha mume wangu, kadhi angekuwa na cha kushika. Angehukumu kwamba mtu yule amekufa, ningekaa eda yangu, ningetoka, ningekuwa mjane kama wajane wengine. Bila hicho sikuwa mjane wala mke. Mashemeji hawakukubali urithi ugawanywe. Muuza halua mmoja, mtu wa heshima zake, alinitumia salamu kwa muda mrefu, akangoja, akangoja, mwisho akaenda kuoa Lamu. Simlaumu. Mwanamume hawezi kumposa mke wa mtu, na mimi kwa sheria nilikuwa mke wa mtu.

Haya, tuanze na matembezi yake, maana ndiko yalikotoka yote. Maji yakipwa asubuhi, na wanafunzi wake wakiwa hawajafika, Mwalimu alijifunga kanzu kiunoni, akachukua bakora na kikapu cha ukili, akashuka pwani ya Serani. Alikwenda polepole juu ya miamba mpaka karibu na kivuko cha Likoni, kichwa chini. Watu wengine waliokwenda pwani waliokota kauri, pweza au kuni. Yeye kombe na kauri hakuzigusa, akisema hivyo ni vya Mungu na Mungu hajapotelewa. Alichokiokota ni kitu kilichopitiwa na mkono wa mtu: kigae cha sahani ya kichina, shanga, msumari wa chombo, mpini wa jambia, tungi lisilo mdomo. Alikigeuzageuza, akakipangusa mchanga, akasema maneno yaleyale kila siku: "Kina mwenyewe hiki." Kisha akakitia kikapuni kwa adabu, kama kwamba mwenyewe amesimama pale anamtazama.

Sisi sote tuliosoma Kurani chuoni kwake tulifundishwa hukumu ya kitu kilichookotwa. Aliyeokota akitangaze mwaka mzima penye watu wengi. Asitaje alama zake, ataje jina lake tu. Anayedai ni chake aeleze mwenyewe kikoje, chombo chake na kilichokifungia. Akipatia, apewe. Mwaka ukipita bila mtu, aliyeokota anaweza kukitumia, au kukitoa sadaka, na mwenyewe akitokea baadaye alipwe. Ndivyo alivyotufundisha, na ndivyo wanavyofuata watu wenye akili zao. Mwalimu aliifuata nusu ya kwanza kwa bidii ya kutisha, na ile nusu ya pili akaogopa kuigusa. Mwaka ulipokwisha alianza mwingine. "Huenda mwenyewe yuko safarini," alisema. Ukimwambia safari gani ya miaka mitano, alikujibu kwa upole kwamba dunia ni pana.

Basi kila Ijumaa, watu wakitoka kuswali, utamkuta amesimama nje ya mlango wa msikiti. Ndani alikataa, kwa kuwa msikiti si mahali pa kutangazia vilivyopotea. Alikohoa kidogo, akapaza sauti: "Enyi Waislamu! Ni nani aliyepotelewa na sahani?" Sahani yenyewe, kila mtu alijua, ilikuwa imelala baharini tangu zama za mababu wa mababu. Vijana walicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja alijibu, "Yangu mimi, Mwalimu, ina maua!" Mwalimu akatikisa kichwa na kumwambia, bila hasira, kwamba haina maua, kisha akajiuma midomo, kwa sababu kwa kusema hivyo alikuwa ametoboa alama moja. Wiki nzima alisikitika. Wiki iliyofuata aliongeza ukali, na tangu hapo hakumjibu mtu ndiyo wala siyo.

Na chumba chake hakikuonwa na yeyote. Ukiona, huwezi tena kueleza kwa haki, umeshaharibu ushahidi. Ufunguo ulikaa mfukoni mwake. Mkewe, shoga yangu, aliruhusiwa kufagia mpaka kizingitini tu. "Wenzangu wameolewa na wanaume," aliniambia siku moja tukipepeta mchele, "mimi nimeolewa na forodha."

Kulikuwa na kisa kilichomfanya awe hivyo, nakiri. Zamani aliokota kikuku cha fedha, akakionyesha kwa wapita njia kwa moyo mweupe. Mwanamke mmoja akakitazama vizuri, akaenda zake, akarudi kesho yake kukieleza sawasawa. Mwalimu akampa. Baada ya siku chache akaja mwenyewe hasa, analia, na kikuku kilikuwa kimeshayeyushwa. Mwalimu alimlipa, lakini hakujisamehe. Nilipohadithiwa kisa hiki nilimwonea huruma. Huruma hiyo ilinipotea baadaye, alipokuja kunitia mimi katika adhabu ya mwanamke yule mwongo.

Msidhani alikuwa mtu wa kuangalia mali za watu kwa kila namna. Hapo ndipo aliponichosha zaidi. Kitu alichokiokota kilikuwa amana, lakini kitu alichokiazima kilikuwa kama hewa. Sufuria yangu kubwa ya maulidi ilikwenda kwake ikakaa mpaka ikaota kutu. Mwavuli wa imamu aliuazima wakati wa mvua za masika akausahau Mbaraki. Msikitini aliingia na viatu vyake, akatoka na vya mwingine, na mara moja alirudi nyumbani na viatu viwili vya mguu wa kushoto, akatembea navyo siku nzima bila kushtuka. Nilimwambia, "Mwalimu, wavitangaza vigae vya watu waliokufa, na sufuria yangu je?" Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Hiyo haikupotea, mwanangu. Si wajua iko kwangu?"

Siku nyingine alirudi na risasi ya mzinga, pande la chuma lililoliwa na chumvi, amelikumbatia kifuani jasho likimtoka. Siku zile reli ilikuwa imeanza kutandazwa na mji umejaa wageni, na ngome imegeuzwa jela. Mwalimu akasumbuka usiku na mchana juu ya mwenyewe wa risasi. Je, ni ya Mreno aliyeipiga, au ya Sultani aliyepigwa, au ya huyu Mwingereza aliyeshika ngome juzi? Alimwandikia kadhi. Kadhi alimjibu kwa mdomo, kupitia mtumishi, kwamba Mwalimu apumzike. Risasi ikawekwa juu ngazini kungoja uamuzi, na alfajiri moja ikabiringika yenyewe, ngazi kwa ngazi, ikavunja mtungi wa maji wa mkewe pale chini. Mkewe aliokota vigae vya mtungi wake kimoja kimoja, akampelekea kwenye sinia, akamwambia, "Vitangaze na hivi."

Yule Mzungu naye lazima nimtaje. Alikuwa bwana wa serikali aliyependa vitu vya kale, akaja na mkalimani wake mpaka barazani. Alivaa kofia ile ya kama bakuli, akaivua kwa heshima. Alisema amesikia habari za vigae vya kichina, anaomba kuviona tu, na kwamba kwao kuna nyumba kubwa ya kuvihifadhia vitu kama hivyo ili watu wote wavitazame. Nilikuwa dirishani kwangu, nasikiliza. Mwalimu aliagiza kahawa, akamkaribisha vizuri, kisha akamwambia mkalimani, "Mwambie aeleze alama zake kwanza." Mzungu akacheka, akaona ni mzaha. Akasema vitu vile vina miaka mamia, wenyewe wamekufa zamani. Mwalimu akasema wana warithi. Mzungu akasema warithi wako China. Mwalimu akauliza, je, bwana ana barua ya uwakala kutoka kwao? Mkalimani aliona haya kuyatafsiri hayo, lakini akayatafsiri. Mzungu alikunywa kahawa yake akaondoka amekunja uso. Mtaa mzima ulimshangilia Mwalimu siku ile, na mimi peke yangu nilikuwa upande wa Mzungu. Nilitaka mlango ule ufunguliwe na yeyote, hata na mtu wa kofia ya bakuli.

Sasa nirudi kwenye kibweta. Ijumaa ile nilikuwa kwenye kazi yangu. Kazi yangu ilikuwa kushona leso. Wakati ule leso zilinunuliwa dukani kwa Wahindi zikiwa vitambaa vya mraba, zikaunganishwa kwa mkono kupata nguo kamili, na wanawake wa Kuze walipenda mkono wangu kwa sababu mshono wangu haukuachia. Nilisikia sauti yake kutoka mlango wa msikiti: "Ni nani aliyepotelewa na kibweta?" Sindano ilinichoma kidole. Nilijitupia ushungi, nikapita kwenye wikio, lile daraja lililounga nyumba zetu juu ya kichochoro, nikamngoja ngazini pake.

"Shikamoo, Mwalimu. Kibweta ni cha mume wangu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kitako. Nieleze alama zake."

Nikaeleza. Cha msaji, misumari ya shaba pembeni, bawaba moja imelegea, kitasa kimekufa. Nikaona macho yake yakitulia, nikajua napatia. Lakini fundi aliyetengeneza vile vibweta alitengeneza vingi, na kila baharia wa Mombasa alikuwa nacho, na bawaba zake zote zililegea. Mwalimu alilijua hilo.

"Kwa kuwa kitasa kimekufa, chafungwaje?"

"Kwa uzi wa kijani, nimeusokota mwenyewe kwa mikono yangu."

Akaupapasa ufunguo mfukoni, akautoa mkono mtupu. Kisha akasema, "Nenda kakumbuke, mwanangu."

"Nikumbuke nini? Nimekwambia ni uzi wa kijani!"

"Nenda kakumbuke."

Nilikwenda. Nilirudi baada ya siku chache nikasema labda ni kamba ya ukili, maana uzi ungeweza kukatika. Nikarudi tena nikasema mkanda wa ngozi. Mara ya nne au ya tano aliniinulia mkono, na kwa huzuni, si kwa ukali, akaniambia, "Sasa wabahatisha." Nililia pale ngazini kwa hasira. Nilimwambia anionyeshe tu, niape kwa msahafu. Akasema, "Nikikuonyesha na kikawa si chake, nimekufanya mjane kwa uongo. Na akirejea je?" Nilimwambia harejei. Akasema dunia ni pana.

Na mtu huyo huyo alinitunza. Samaki akiletewa wawili, mmoja alikuja kwangu. Mvua ilipobomoa ukuta wangu wa uani, yeye na wanafunzi wake walikanda chokaa wakaujenga. Kila khitma alimwombea mume wangu, na hapo ndipo aliponichoma, kwa sababu hakumtaja kamwe pamoja na marehemu. Alingoja mpaka wafu wote wamekwisha kutajwa, akamwombea peke yake: "Na yule msafiri wetu, Mungu amrejeshe salama." Watu wakaitikia amina, na mimi nikaitikia, nimeuma meno.

Miaka ikaenda. Leso zikaanza kuja zimekamilika, zimepigwa chapa ng'ambo, hazihitaji mkono wa mtu, na kazi yangu ikadorora. Mabwana wakubwa wakaanza kutembea mjini kwa vigari vya reli vilivyosukumwa na watu. Macho ya Mwalimu yakaingia ukungu, yakafunga kabisa, na chuo akamwachia mwingine. Alikwenda pwani kwa kushikwa mkono, akitafuta kwa vidole vya miguu, na bado hakurudi mikono mitupu.

Alasiri moja mkewe alinigongea ukuta. Nilipofika nilimkuta amekaa chini ya ngazi, kidole amekielekeza juu. Boriti za chumba kile zilikuwa zimeanza kuinama kwa uzito. "Yuwakuita," akaniambia. "Leo amefungua."

Nilipanda. Mlango ulikuwa wazi kweli. Miaka yote ile nilikitengeneza chumba kile kichwani mwangu, na nilichokiona kilinivunja moyo. Ilikuwa vumbi. Vidaka vya ukutani vimejaa, sakafu imejaa, kila kitu kimeviringishwa kwenye kitambaa chake cheupe, na Mwalimu amekaa katikati na vikapu vitupu.

"Ni wewe, mwanangu? Ndoo karibu. Nimeamua."

"Umeamua nini, Mwalimu?"

"Vyote virudi baharini. Mimi n'karibu kwenda, na sitaki Mola anikute na amana za watu. Bahari ndiyo ilonipa, nairejeshea. Nisaidie kutia vikapuni. Mimi nitakupa, wewe utatia. Usifungue kitu."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Na kibweta changu je?"

"Hakijapata aloeleza."

Hapo nilimkosea adabu mtu aliyenifundisha alifu kwa ujiti. Nilimwambia hana huruma. Nilimwambia alininyima mume mwingine kwa kuwa ati nina mume, na akaninyima ujane nikiwa mjane, na kwamba nywele zangu zimeingia mvi nikingojea kigae chake cha mwisho. Alisikiliza yote, kichwa amekiinamisha. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kupapasa kidaka cha kwanza. Akanipa kifurushi. Nikakitupa kikapuni kikalia. Akanipa kingine. Niliamua kwamba kitakapofika kile cha mraba nitatoka nacho mbio, na anitangaze mimi mwizi mlangoni mwa msikiti akipenda.

Kikafika. Kitambaa chake cheupe kilikuwa kimeoza, kikapasuka nilipokipokea, na kidole changu kikagusa kilichokifungia kibweta. Ilikuwa nguo iliyokakamaa kwa chumvi. Na katikati ya nguo ile palikuwa na mshono.

Sikuhitaji kutazama. Sindano mbele, kurudi nyuma mara mbili, mbele tena. Nimeshona hivyo tangu nilipokuwa msichana, na sijaona mwingine aliyekuwa na subira ya kurudi mara mbili. Nilitazama hata hivyo. Lilikuwa pindo la leso yangu ya kwanza, ile iliyopotea kwenye kamba ya kuanikia siku za safari ya mume wangu, na mimi nikamshutumu jirani bure. Kumbe yeye ndiye aliyeichana pindo akaondoka nalo. Uzi wa kijani ulikatika huko njiani, au aliutupa mwenyewe, sijui. Mimi sikuweza kulieleza pindo lile hata ningekaa kukumbuka mpaka kiama, kwa sababu hakuniambia. Na angenionyesha kwa mbali tu, siku ile ya kwanza, ningelijua kabla hajafungua mdomo.

Mwalimu alihisi mikono yangu imesimama.

"Una nini?"

Vidole vyangu vilikuwa vikihesabu mishono. Kisha, Mungu amrehemu, akaniuliza vilevile alivyoniuliza miaka ile: "Nieleze alama zake."

"Kimefungwa kwa pindo la leso," nilisema. "Nyekundu, imepauka. Pindo lina mshono katikati. Uzi wa mshono ni buluu. Sindano imekwenda mbele, ikarudi nyuma mara mbili. Ni mkono wangu, Mwalimu. Ni leso yangu."

Akanyoosha mkono nikampa. Kidole chake cha shahada kilitambaa juu ya mshono polepole, kikarudi, kikatambaa tena. Nikaona machozi yakitoka katika macho yaliyofungwa.

"Mara mbili," akasema. "Kweli, yarudi mara mbili." Akanirudishia. "Ni chako, mwanangu." Kisha akauliza, kwa uchungu kabisa, kama mtu aliyedhulumiwa: "Mbona hukunambia ni leso?"

Nilimtazama mzee yule. Nilikaa chini vumbini, kibweta kifuani, nikamlilia mume wangu. Yeye akaanza dua. Na kwa mara ya kwanza alimtaja pamoja na marehemu.

Kadhi alikitazama kibweta, akakiunganisha na habari za mabaharia waliokwisha kusema chombo alichosafiria mume wangu hakikuonekana bandari yoyote, akahukumu. Eda ikahesabiwa tangu siku ya hukumu. Nikafunga mlango wangu, nikavaa nyeupe, nikakaa ndani, mjane hatimaye.

Vile vikapu havikwenda baharini. Mkewe aliniambia kupitia dirisha la wikio kwamba Mwalimu amevirudisha vyote mahali pake, boriti na ziiname zitakavyo, na hataki kusikia habari za kutupa kitu. Nilisema moyoni kwamba mzee hatabadilika mpaka kaburini. Ijumaa iliyofuata, watu walipotoka kuswali, nilisikia anakohoa nje ya mlango wa msikiti. Nikatega sikio.

"Enyi Waislamu!" Sauti ilikuwa imechoka. "Mlango wangu u wazi. Ndooni mutizame, kila mtu. Na wanawake waje. Wanawake hasa."

Nilisikia miguu ikipanda ngazi zake mchana kutwa, nyuma ya ukuta wangu, na sauti za wanawake wakishangaa kitu hiki na kile, na mmoja akapiga ukelele, sijui kwa nini. Miaka yote ile nilitaka kuingia chumba kile na kutazama kwa raha yangu. Sasa kilikuwa wazi kwa mji mzima, na mimi nilikuwa ndani ya eda, siruhusiwi kutoka.